Tembo shambani, mlinzi kwenye dungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanyamapori, mazao na haki za kazi

Maswali yaliyomo humu ni ya watu wa aina tatu wanaoishi kandokando ya hifadhi za Tanzania Bara: mwenye shamba ambaye mahindi yake yameliwa usiku, kibarua aliyelipwa au aliyeahidiwa kulipwa ili ayalinde, na askari wa wanyamapori wa kijiji anayeitwa wakati tembo wamekwisha kuingia. Wa kwanza huzungumzwa bungeni kila mwaka wa bajeti. Wa tatu hutajwa kwenye ripoti za miradi. Wa pili, yule anayekesha juu ya dungu akiwa na tochi na debe bovu la kugonga, hatajwi karibu popote, na ndiyo maana majibu mengi hapa yanarudi kwake. Sheria zinazozungumziwa ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale nchi nyingine inapotajwa.

Kwa nini tembo wanaingia mashambani kuliko zamani? Je, wamezidi?

Jibu la "wamezidi" ni nusu ya jibu. Sensa ya wanyamapori ya 2009 ilikadiria tembo wapatao 109,000 nchini. Ile ya 2014 ikakuta takriban 43,000 tu, kwa sababu ya ujangili uliokithiri katika miaka hiyo, hasa katika eneo la Selous na Ruaha. Tangu hapo ujangili umepungua na tembo wameanza kuongezeka, lakini bado hawajafikia idadi ya 2009. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba tembo wa leo ni wengi kuliko wa ujana wake, mara nyingi anaeleza jambo jingine: kwamba leo anawaona, na zamani walipita porini.

Nusu ya pili ni ardhi. Sensa ya watu ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Watu hao wanalima, na mahali palipobaki pa kulima mara nyingi ni kwenye shoroba, yaani njia ambazo wanyama hupita kutoka hifadhi moja kwenda nyingine. Tathmini ya shoroba iliyotolewa 2022 ilizitambua 61 nchini, na 20 kati yake zikapewa kipaumbele. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni mfano unaojulikana: barabara kuu, vijiji, mifugo na mashamba vyote vinashindana na njia ileile. Tembo mzima hula takriban kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku, na shamba la mahindi yaliyokomaa linampa kwa saa moja kile ambacho porini angekitafuta usiku kucha. Ndiyo sababu hawaji wakati wa kupalilia. Wanakuja wiki mbili kabla ya kuvuna, utadhani wana kalenda.

Kifuta jasho na kifuta machozi ni nini, na kwa nini haviitwi fidia?

Majina hayo yamechaguliwa kwa makusudi. Fidia ni malipo yanayolingana na hasara, na anayelipa anakubali kwamba anawajibika kwa hasara hiyo. Serikali haikubali wajibu wa namna hiyo kwa kitendo cha mnyama wa porini. Inachotoa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kanuni zake za 2011, ni pole. Kifuta jasho ni kwa aliyepoteza mazao au mifugo. Kifuta machozi ni kwa aliyejeruhiwa na kwa ndugu wa aliyeuawa. Mtu akilielewa hilo mapema hupunguza uchungu wa kuona kiasi kinachoandikwa kwenye hundi, ingawa hauondoki wote.

Ni kiasi gani hulipwa?

Kwa viwango vya kanuni za 2011, familia ya aliyeuawa hupewa shilingi 1,000,000, aliyepata ulemavu wa kudumu 500,000, na aliyejeruhiwa akapona 200,000. Kwa mazao, umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi ndio unaoamua. Shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halilipwi kitu. Kuanzia hapo malipo huanza kwa shilingi 25,000 kwa ekari na kupanda kadiri shamba linavyokuwa mbali, hadi 100,000 kwa ekari kwa shamba lililo zaidi ya kilomita tano. Ekari zinazohesabiwa hazizidi tano.

Tufanye hesabu ya kawaida ya mkulima. Ekari moja ikitoa magunia kumi ya mahindi, na gunia likiuzwa shilingi 60,000, hapo pana shilingi 600,000. Ukiwa jirani wa karibu wa hifadhi, kifuta jasho chako kwa ekari hiyo hakinunui hata nusu gunia. Mantiki ya serikali ni kwamba anayelima karibu na mpaka amejitakia hatari, na kwamba malipo makubwa yangewavuta watu wengine kulima hapohapo. Mantiki hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama vijiji vingi visingekuwapo kabla ya mpaka kuchorwa, au kama mpaka wenyewe ungekuwa na alama ambazo mkulima anaziona.

Viwango hivi vimelalamikiwa bungeni kwa miaka mingi na wizara imekuwa ikivipitia upya, kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu mwulize ofisa wanyamapori wa wilaya kiwango kinachotumika kwa tukio la tarehe yako.

Je, nyani na nguruwe pori nao wanalipiwa?

Hapana. Kanuni zinahusu wanyama wakali na wa hatari waliotajwa kwenye sheria, kama tembo, kiboko, nyati, simba, chui na mamba. Mkulima wa mihogo ambaye adui yake ni nguruwe pori, au wa mahindi ambaye adui yake ni nyani mchana na ngedere jioni, hana pa kudai.

Tembo wamekula shamba usiku wa kuamkia leo. Nianze wapi?

Anza kwa kutogusa kitu. Watu wengi hukimbilia kuvuna kilichobaki au kufyeka mabua yaliyolala ili wapande kunde, na ofisa anapofika hakuti cha kupima. Nyayo, kinyesi na mabua yaliyovunjwa ndio ushahidi wako. Piga picha kwa simu ukiwa umesimama pembeni ya shamba, kisha karibu na nyayo moja ukiweka kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama kandambili au kisanduku cha kiberiti.

Asubuhi hiyohiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji. Taarifa ya mdomo haitoshi: hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha kijiji, ikiwa na jina lako, kitongoji, aina ya zao, ukubwa wa shamba, mnyama aliyehusika na saa uliyogundua. Kanuni zinatoa siku chache tu za kutoa taarifa, na ni busara usiivuke siku ya tatu. Mtendaji humjulisha ofisa ugani, ambaye hufanya tathmini ya eneo lililoharibiwa, na ofisa wanyamapori wa wilaya, ambaye huthibitisha mnyama na umbali kutoka mpaka. Fomu zikikamilika hupanda hadi Wizara ya Maliasili na Utalii, na malipo huteremka kwa njia hiyohiyo.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye tathmini. Mkulima husema "shamba langu ni ekari nne" kwa kuwa babu yake alisema hivyo. Ofisa akipima kwa kifaa cha setilaiti anakuta mbili na robo, na kuanzia hapo kila neno la mkulima linatiliwa shaka. Pima shamba lako kabla ya msimu, hata kwa hatua, na uandike. Na kama tembo wamerudi mara tatu katika mwezi mmoja, toa taarifa mara tatu. Tathmini ya mara ya kwanza haiwezi kubeba hasara ya mara ya tatu.

Kwa tukio la kujeruhiwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituo cha polisi kabla ya kwenda au wakati wa kwenda hospitali, na uombe taarifa ya daktari. Kwa kifo, cheti cha kifo na nyaraka za msimamizi wa mirathi zitahitajika, na hapo ndipo familia nyingi hukwama kwa miezi kwa sababu ndugu hawajakaa kikao.

Ninalima shamba la kukodi. Anayelipwa ni mimi au mwenye ardhi?

Kilicholiwa ni mazao, na mazao ni yako. Lakini nimeona fomu ikijazwa kwa jina la mwenye ardhi kwa sababu yeye ndiye anayejulikana ofisini, na mkodishwaji akabaki anaomba kugawiwa. Andikeni makubaliano ya kukodi mwanzoni mwa msimu, hata kwenye karatasi ya daftari, na mtendaji ayagonge muhuri.

Nalinda shamba la mtu usiku, na tumekubaliana atanipa magunia mawili baada ya mavuno. Je, mimi ni mfanyakazi?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu ndiyo hali ya walinzi wengi na ndiyo wasiyoiuliza.

Kwanza tuone kazi yenyewe. Mchana kuna kuamia ndege, kazi ambayo hufanywa na yeyote aliye nyumbani. Usiku ni kazi nyingine kabisa. Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa kimo cha mtu au zaidi, lenye paa la nyasi na moto mdogo chini yake. Mlinzi hupanda jua likizama. Hasikilizi vishindo, maana tembo hutembea kimya kuliko mtu asiyewajua anavyodhani. Husikiliza mabua yakivunjika, mlio mkavu unaofanana na mtu anayetafuna muwa. Akiusikia hugonga debe, humulika, hupiga kelele, na walinzi wa mashamba jirani huitikia. Kama kundi ni la majike na watoto, huondoka. Kama ni dume mzoefu peke yake, wakati mwingine husimama akitazama mwanga, na mlinzi ndiye anayelazimika kuamua nani aondoke. Hii inarudiwa kila usiku kwa miezi miwili.

Sasa sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huhesabiwa kuwa mwajiriwa, hata kama mkataba wao umeitwa jina jingine, iwapo lipo walau jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinaamuliwa na mwenzake, kwamba amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea huyo mtu kiuchumi, au kwamba anapewa na huyo mtu vifaa vya kazi. Anayepinga ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mlinzi anayeambiwa apande saa kumi na mbili jioni, ashuke alfajiri, atumie tochi ya mwenye shamba na asiende kulinda kwingine, anatimiza zaidi ya sharti moja.

Akiwa mwajiriwa, kima cha chini cha mshahara kinamhusu. Amri ya Mishahara ya 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025, na kuanza kutumika 1 Januari 2026, ikapandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Magunia mawili ya mwisho wa msimu hayawezi kusimama mahali pa mshahara huo. Na makubaliano ya magunia yana kasoro nyingine ambayo mwenye shamba huifahamu vizuri: tembo wakila mahindi, hakuna magunia. Aliyekesha miezi miwili anakuwa amebeba hasara ya shamba lisilo lake, na kifuta jasho kikija, kinakuja kwa jina la mwenye mazao.

Najua jibu la wakulima wadogo, na si la kupuuzwa: mwenye ekari mbili hana hata zile 140,000 za 2022 za kumlipa mlinzi kila mwezi, na huenda yeye mwenyewe hapati kiasi hicho. Ni kweli. Lakini wenye ekari hamsini za mpunga au za miwa hutumia makubaliano yaleyale ya magunia, na hao hawana udhuru wa umaskini. Kwa wadogo, njia ambayo nimeona ikifanya kazi ni mashamba kumi au kumi na tano yanayopakana kuchangia walinzi wawili kwa fedha taslimu kila wiki, na zamu ikaandikwa. Malipo yanakuwa madogo kwa kila mmoja na mlinzi hasubiri mavuno.

Je, kuna malipo ya ziada kwa kazi ya usiku?

Yapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inauita usiku muda wa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka kila saa ya usiku iongezewe walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa kiwango cha 2022, saa moja ya kazi ya kilimo ilikuwa karibu shilingi 718, kwa hiyo nyongeza ilikuwa shilingi 36 hivi kwa saa. Kwa usiku mzima haifiki shilingi 400. Yenye uzito zaidi ni kanuni ya saa: siku ya kazi ya kawaida haizidi saa 9 na wiki haizidi saa 45, na kinachozidi hapo kinalipwa mara moja na nusu. Anayelinda saa kumi na mbili kwa usiku, usiku saba kwa wiki, anafanya saa 84. Hata ukomo wa saa za ziada, ambao ni saa 50 katika wiki nne, unakuwa umevukwa mbali.

Tembo waliingia usiku wa zamu yangu na tajiri anasema atanikata. Ana haki?

Kuingia kwa tembo si kosa la mlinzi. Sheria inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara pale tu hasara ilipotokana na uzembe wa mfanyakazi, mfanyakazi akaelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea, na kinachokatwa kwa jumla kisizidi robo ya malipo yake. Mlinzi aliyelala fofofo au aliyekwenda kilabuni ana la kujibu. Mlinzi aliyegonga debe hadi likatoboka hana.

Mlinzi akijeruhiwa au kuuawa, familia yake inadai wapi?

Milango ni miwili, na watu wengi huujua mmoja. Wa kwanza ni kifuta machozi kilichoelezwa juu, ambacho humfuata aliyeumia bila kujali shamba ni la nani. Wa pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na ambao michango yake ilianza kukusanywa Julai 2015. Huo ni fidia kwa maana halisi ya neno: matibabu, asilimia 70 ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi kwa muda, malipo ya ulemavu, gharama za mazishi na pensheni ya wategemezi. Sheria yake inawahusu waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara, na mwajiri anatakiwa kuuarifu mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari ya ajali. Kutojisajili ni kosa la mwajiri. Kibarua asikubali kuambiwa kwamba "hatumo kwenye mfuko" ndiyo mwisho wa habari.

Ugumu ni ushahidi. Bila mkataba, bila daftari la mahudhurio, bila hata ujumbe mmoja wa malipo kwenye simu, familia inabaki na maneno ya majirani. Ndiyo maana kulipwa kwa simu, hata shilingi elfu tano, kuna faida kuliko kulipwa mkononi: kila muamala unaacha tarehe na jina.

Mwanangu wa miaka 15 anaweza kulinda usiku?

Kwa ajira, hapana. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi usiku. Kwa shamba la nyumbani sheria haina mkono mrefu, lakini mwalimu wake anajua kwa nini analala darasani.

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Nalipwa posho, tena kwa kuchelewa. Nina haki gani?

Askari hawa, wengi wakiwa wamepitia mafunzo katika kituo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, huteuliwa na vijiji vyao. Wengine hufanya kazi chini ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kama Ikona, Burunge au Enduimet, na hulipwa kutokana na mapato ya utalii na uwindaji. Hapo ndipo tatizo linapoanza: watalii walipokauka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mapato ya jumuiya yalikauka pia, lakini tembo hawakwenda likizo. Jina la "posho" halibadilishi kitu mbele ya sheria niliyoitaja kuhusu nani ni mwajiriwa. Anayevaa sare ya jumuiya, kupangiwa doria na kamanda wake na kutembea kwa gari la jumuiya, yumo ndani ya jumuiya. Ombeni mikataba ya maandishi yenye jina la anayelipa, maana nimeona kesi ambamo kijiji kilisema mwajiri ni jumuiya, jumuiya ikasema ni mradi, na mradi ulikuwa umefunga ofisi.

Pilipili na nyuki vinasaidia kweli, au ni maneno ya semina?

Vinasaidia kwa masharti. Uzio wa mizinga ulijaribiwa sana huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, na mtafiti Lucy King: mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi kuzunguka shamba, ikiunganishwa na waya, na tembo akiugusa waya mizinga yote hutikisika. Tembo huogopa nyuki kwa sababu huumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Katika majaribio ya Sagalla, wengi wa tembo waliosogelea uzio waligeuka. Lakini ukame ukija nyuki huhama, na mzinga mtupu ni sanduku tu. Dume mjanja huligundua hilo baada ya siku chache.

Pilipili hutumiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga. Mvua ikinyesha lazima upake tena. Ya pili ni matofali ya kinyesi cha tembo na pilipili, yanayochomwa upande unaotoka upepo ili moshi upite shambani. Mlinzi aliyekosea kusoma upepo hukohoa hadi asubuhi, na tembo hula kwa raha.

Kwa doria za pamoja, shirika la Honeyguide limefundisha vijiji utaratibu wa hatua nne: tochi yenye mwanga mkali unaowakawaka, kisha honi, kisha bomu la pilipili, na mwisho fataki ya kurushwa. Bomu lenyewe ni kondomu iliyojazwa unga wa pilipili, mchanga na baruti kidogo, na ndiyo sababu muuza duka la dawa katika baadhi ya vijiji hivyo haulizi maswali. Siri ya utaratibu ni kutoruka hatua: tembo aliyezoea fataki tangu siku ya kwanza hana tena anachokiogopa.

Ninachokikosa katika mafunzo mengi ni swali la nani anazishika hizo zana saa nane usiku. Vifaa huandikwa kwenye bajeti, mshahara wa mkono unaovishika hauandikwi.

Naweza kumuua tembo aliyevamia shamba langu?

Usijaribu. Kuokoa uhai wa mtu papo hapo ni jambo ambalo sheria inalitambua, na tukio lazima liripotiwe mara moja. Kulipiza kisasi, kutega sumu kwenye maboga au kuunganisha waya wa umeme ni uhalifu, na waya huo huua kwanza watoto na ng'ombe. Mzoga na meno ni nyara za serikali. Kukutwa na nyara za thamani hiyo bila kibali ni kifungo kisichopungua miaka 20.

Kenya wanalipa zaidi. Ni kweli?

Kwenye karatasi, ndiyo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inaiita fidia, na inataja shilingi za Kenya milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Ukibadilisha fedha, familia ya Taita Taveta iliyofiwa kwa sababu ya ndovu, kama wanavyowaita huko, ina madai makubwa makumi ya mara kuliko familia ya Same, ng'ambo ya mpaka, ingawa mnyama anaweza kuwa yuleyule aliyetoka Tsavo kwenda Mkomazi. Kasoro ya Kenya ni ucheleweshaji: madai hupitia kamati ya kaunti na kisha wizarani, na mlundikano wa yasiyolipwa umekuwa malalamiko ya miaka. Rwanda nayo ina mfuko maalumu wa dhamana unaolipa hasara za wanyama pamoja na ajali za magari yasiyo na bima, mpango ambao Tanzania ingeweza kuutazama bila aibu.

Nimedhulumiwa mshahara wa ulinzi. Niende wapi, na nina muda gani?

Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyo karibu nawe. Kama umeachishwa kazi una siku 30 tangu siku hiyo. Kwa madai mengine, kama mshahara usiolipwa, una siku 60. Muda huu ndio unaowaangusha vibarua wengi, kwa kuwa huambiwa "subiri nivune", na mavuno huja siku ya tisini. Ukikubali kusubiri, hesabu siku zako mwenyewe. Kwa wanaofanya kazi katika mashamba makubwa, chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinaweza kusimamia madai kwa niaba ya wanachama wake.

Fomu ya kifuta jasho niliijaza misimu miwili iliyopita na sijasikia kitu. Nifuatilie kwa nani?

Anza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya na umwulize jambo moja tu: fomu yako ilitumwa wizarani kwa barua ya tarehe gani, na wewe ni namba ngapi kwenye orodha. Kama hakuna barua, fomu haijaondoka mezani, na kinachohitajika ni kuituma. Kama barua ipo, nakili namba yake ya kumbukumbu na uandike wizarani ukiitaja hiyo, nakala kwa mkuu wa wilaya na diwani. Hakikisha pia namba ya simu au ya akaunti uliyoandika bado inafanya kazi, maana laini iliyofungwa hurudisha fedha zilikotoka.